Hesabu ya Kutoa

Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, yanapotangazwa, watu hupiga hesabu ya kugawanya. Alama za watahiniwa hujumlishwa, zikagawanywa kwa idadi yao, shule ikapata wastani, na wazazi wakaanza kulinganisha. Mimi hula kwa kazi ya vitabu vya fedha, kwa hiyo sina ugomvi na kugawanya. Ila hesabu hiyo hutanguliwa na nyingine, ya kutoa, ambayo haipati nafasi gazetini: walioingia Fomu Wani walikuwa wangapi, waliofika kwenye chumba cha mtihani ni wangapi, na waliopungua walielekea wapi. Shule yenye mikondo mitano ya wanafunzi hamsini hamsini huimeza hesabu hii bila mtu kushtuka. Watoto kumi wakiondoka, madawati husogezwa, rejista mpya huandikwa mwezi wa kwanza, basi. Darasa letu pale Makadara, Nairobi, lilikuwa dogo mno kuficha chochote. Mtu mmoja akikosekana, ukuta wa nyuma yake ulionekana.

Tulianza tukiwa 19, Februari 2008, katika shule ya kutwa ambayo mwaka uliotangulia haikuwepo. Shule ya msingi ya mtaani ilimegwa pembeni. Sekondari ikapewa vyumba viwili, ofisi moja, na choo tulichogawana na darasa la nane. Madawati yalikuwa ya watoto. Wavulana warefu walikaa ubavu, miguu ikiwa njiani, na kila mwalimu aliyeingia alianza somo kwa kuruka miguu. Kengele nayo ilikuwa ya shule ya msingi, kwa hiyo katikati ya Kemia tulisikia watoto wa darasa la kwanza wakifunguliwa kwenda kunywa uji. Jina la shule sitalitaja, kwa sababu baadhi ya nitakayoyasema si ya kusifia.

Ule haukuwa msimu mzuri wa kuanzisha kitu. Uchaguzi wa Desemba 27, 2007 ulikuwa umeiacha nchi ikivuja damu. Kibaki na Raila walitia sahihi mkataba wao Februari 28, sisi tukiwa tumeshapewa sare na bado tunaulizana kwa kunong'ona nani anatoka wapi. Wenzetu kadhaa walikuwa na barua za shule za bweni za Bonde la Ufa, na wazazi wao waliapa kwamba mtoto hapandi gari kwenda huko mwaka huo. Wengine walikuwa wamewasili Nairobi majuzi tu, na mizigo yao bado ilikuwa kwenye gunia kwa shangazi, Maringo au Mbotela. Na wengine, mimi nikiwamo, tulikuwa hapo kwa sababu moja ya kawaida: karo. Mwaka huo ndio serikali ilianza kulipia masomo ya sekondari, shilingi 10,265 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na shule ya kutwa iliyo karibu na nyumbani ikawa kitu ambacho mama anaweza kukifikiria bila kuuza kitanda.

Zidisha 10,265 kwa 19. Unapata 195,035. Hapo ndipo watu wanaosifu madarasa madogo wanapopaswa kusimama kidogo. Shule za kibinafsi za jijini hutangaza udogo wa madarasa yao na kuulipisha ghali. Sisi tulikuwa wachache kwa sababu wazazi wengi hawakuiamini shule isiyo na Fomu Foo hata mmoja wa kuonyeshwa. Fedha za serikali huja kwa kuhesabu vichwa. Vichwa vikiwa vichache, chaki ni chache, vitabu ni vichache, na walimu wa kuajiriwa na bodi hulipwa wakati wowote hela ikipatikana. Walimu wa TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, walikuwa wawili. Fizikia ilikuja kuchaguliwa na watu watatu tu, na mwalimu wa somo hilo, kijana aliyefundisha pia shule nyingine, aliwafundishia ofisini, kwenye kona ya kabati la faili, wazazi wakipita kuulizia risiti.

Faida ilikuwepo, na ilikuwa ya namna isiyotarajiwa. Siku ya maabara, yaani siku tulipobeba chupa na bureti kuzipeleka kwenye chumba chenye bomba la maji, kila mmoja alishika kifaa kwa mikono yake. Rafiki yangu wa Buru Buru, aliyesoma shule kubwa yenye sifa, aliniambia alimaliza Fomu Tu akiwa amezitazama bureti kutoka nyuma ya vichwa vya wenzake. Na hakuna aliyeweza kujificha. Katika mkondo wa watu 60, wa 48 ni mtu asiyejulikana na yeyote. Katika darasa la 19, wa mwisho ana uso, ana jina, na mnajua kwamba usiku uliopita alikuwa akimsaidia mama yake kukaanga samaki.

Mwalimu wa darasa letu alifundisha Kiswahili na Historia. Tulimwita Madam, kama walimu wote wa kike wanavyoitwa Nairobi, lakini kwake neno hilo lilikaa. Alikuwa na sheria moja ambayo sikuiona kwenye karatasi yoyote ya Wizara: mwanafunzi akikosekana siku ya pili, wawili kati yetu tunamfuata kwao jioni, na asubuhi tunaleta habari. Hakutaka barua. Alitaka tumwambie tumekuta nini. Mitaa ya Makadara inaruhusu jambo hilo, kwa sababu imebanana. Unatoka Jericho, unapita Maringo, unavuka Barabara ya Jogoo kwa kukimbia, na kabla jua halijazama uko Mbotela au Makongeni unauliza mlango wa kina fulani. Mwanzoni tuliona ni umbea wa kutumwa. Baadaye tukaanza kuona nyumba za wenzetu, na hilo liliharibu uongo mwingi. Yule aliyejigamba kuwa baba yake ni mtu wa reli tulikuta baba ni mtu wa reli kweli, ila reli ilikuwa imemwacha miaka mingi, na watu wanane wanalala chumba kimoja.

Ni Madam huyohuyo aliyesimama siku moja kwenye somo la Historia akauliza Ofafa alikuwa nani. Tulikuwa tumekulia Ofafa Jericho na Ofafa Maringo, tumeandika jina hilo kwenye fomu tangu chekechea, na hakuna aliyejua. Mmoja alijaribu kusema ni jina la kampuni ya ujenzi. Akauliza Mbotela. Kimya. Ndipo akatueleza kuhusu Tom Mbotela, kiongozi wa chama cha KAU aliyeuawa Nairobi Novemba 1952, mwezi mmoja baada ya Hali ya Hatari kutangazwa, na Ambrose Ofafa, diwani wa jiji na mtu wa Luo Union, aliyeuawa mwaka uliofuata. Baraza la jiji likaipa mitaa majina yao. Kwa hiyo tulikuwa tunalala na kuamka ndani ya majina ya watu wawili waliouawa, kila siku makanga wakiyapigia kelele, bila kumjua hata mmoja wao. Madam hakulihubiri jambo hilo. Alifungua rejista akaanza kutuita.

Julai 2008 migomo iliyakumba mamia ya sekondari. Mabweni yaliungua, wanafunzi wakarudishwa nyumbani kwa malori, na muhula wa tatu tukaletewa wavulana watatu, kila mmoja na barua yake ndani ya bahasha na mzazi wake akitazama chini. Tukawa 22. Walikuja na madharau ya watu wa bweni. Walituuliza bweni letu liko wapi ili wacheke. Lakini walikuja pia na kitu ambacho hatukuwa nacho, mazoea ya prepu. Mmoja wao hakuweza kuelewa mtu anamaliza masomo saa kumi jioni halafu anaenda nyumbani kusikiliza redio za majirani wanne kwa wakati mmoja. Akazungumza na mlinzi wa shule, mzee wa Kitui asiyependa maneno mengi, na wakaafikiana: mzee angetuachia chumba kimoja hadi saa mbili usiku, sisi tungefagia uwanja Ijumaa. Nusu ya nilichojua Fomu Foo nilikipata kwenye chumba kile baada ya giza, kutoka kwa kijana ambaye shule moja ilimwona ni mchochezi.

Kupungua kulianza Fomu Tu.

Msichana aliyeketi mbele yangu alitoka Makongeni na alikuwa hodari wa Hesabu kuliko sisi sote, kwa pengo kubwa. Alikuwa na tabia ya kumaliza swali halafu kugeuka nyuma kutazama daftari langu, si kwa kunisaidia, kwa burudani tu. Mwaka 2009 akapata mimba. Sera ya serikali ya kuwaruhusu wasichana warudi shuleni baada ya kujifungua ilikuwepo tangu 1994, lakini hakuna aliyeitaja siku ile. Aliambiwa aende nyumbani kwanza. Neno "kwanza" lilisikika kama ahadi, na halikuwa na tarehe. Madam alitutuma kama kawaida, tukamkuta amekaa nje anachambua sukuma za mama yake, akatuuliza tumefika mada gani. Tukamwambia. Akasema hiyo ni rahisi. Baada ya mtoto kuzaliwa tulienda tena, na swali likawa lingine: mama yake alishinda sokoni tangu alfajiri, dada yake alikuwa darasa la sita, mtoto angeshikwa na nani? Hakuna aliyekuwa na jibu, hata Madam. Hatukumfukuza, shule haikumfukuza, sera ilimtetea, na hata hivyo hakurudi. Nimefikiria jambo hilo mara nyingi kuliko mada yoyote niliyofundishwa. Mlango ulikuwa wazi kabisa, na kutoka kwao hadi mlangoni hapakuwa na njia.

Aliyemfuata kuondoka alikuwa mvulana aliyeanza kufanya kazi ya makanga kwenye matatu za namba 58 wikendi, halafu Ijumaa, halafu tukawa tunamwona Jumanne akining'inia mlangoni. Watu wazima walisema amependa pesa. Sisi tuliokwenda kwao tulijua kwamba nyumba yao ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, ilikuwa na malimbikizo ya kodi na kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiyapunguza. Alitubeba bure mwaka mzima. Alikuwa akipiga kelele ya majina ya steji na katikati anaingiza maswali: valensi ya alumini ni ngapi? Abiria walidhani ni utani wa kimatatu.

Ndugu pacha walihamishwa kwenda ushago baba yao alipopoteza kazi Industrial Area. Mwenzetu mwingine akapata nafasi katika shule ya bweni na akaenda, na tulimwonea wivu wa wazi. Fomu Thrii tukabaki 17.

Mwaka 2010 ulikuwa na kelele nyingi. Agosti 4 darasa letu lilikuwa kituo cha kura ya maamuzi ya katiba, na tuliporudi tulikuta karatasi za maelekezo zimebandikwa juu ya chati yetu ya moyo wa binadamu. Madam alikuwa na nakala ya katiba pendekezwa aliyoikunja kunja mpaka ikachakaa, na alitusomesha Kifungu cha 53, kinachompa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kijana mmoja akauliza, kama ni lazima, nani analazimishwa, mtoto au serikali? Swali hilo bado ni zuri. Septemba 20 ukafanyika uchaguzi mdogo wa ubunge wa Makadara, ambao Gidion Mbuvi, maarufu kama Sonko, aliushinda, na kwa wiki kadhaa kabla yake misafara yenye vipaza sauti ilipita ikitufundisha nyimbo badala ya Bayolojia. Madam alitumia msimu huo kukusanya fomu za basari. Alisema wanasiasa wanasoma barua haraka zaidi kabla ya kura.

Kwenye Kiswahili tulikuwa na riwaya ya Utengano ya Said Ahmed Mohamed na tamthilia ya Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia. Tamthilia ile Madam aliigawa tuisome kwa sauti, kila mmoja na mhusika wake, na hapo kutoa kukaanza kuonekana kwa namna ya kuchekesha. Mtu akiondoka, mhusika wake alipewa aliyebaki. Ikafika mahali kijana mmoja alikuwa Mwelusi, shujaa, na papo hapo Gege, ndugu anayemsaliti. Alisoma mstari mmoja akitazama kushoto na mwingine akitazama kulia. Tulicheka mpaka mwalimu wa darasa la saba akaja kulalamika.

Mwisho wa mwaka huo likaja jambo ambalo halikuchekesha. Sisi tulikuwa darasa la kwanza la shule hiyo kufanya KCSE, na wastani wetu ndio ungekuwa sura yake. Wanne kati yetu waliitwa ofisini mmoja mmoja wakashauriwa warudie Fomu Thrii, au watafute shule inayowafaa. Ushauri ulitolewa kwa upole, na chai. Watatu walikubali kwa namna tofauti. Kufikia Januari hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akisoma nasi, na wawili hawakuwa wakisoma popote. Wa nne alikuwa na mama aliyekaanga samaki pale sokoni Burma. Alikuja na aproni yake, harufu ikatangulia, akaketi kwenye kiti cha wageni bila kukaribishwa.

"Mwalimu Mkuu," akasema, "mimi nilileta mtoto kwa miaka minne. Nimeshaona mitatu. Huu wa nne uko wapi?"

Akaelezwa kuhusu wastani. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Huo wastani ni wa nani?"

"Ni wa shule, Mama."

"Basi shule ndiyo isome sana," akasema, akaaga.

Kijana akafanya mtihani. Alipata D+, na baadaye akasomea ufundi wa umeme. Nimepiga hesabu: bila yeye, watahiniwa 13 waliobaki wangekuwa na wastani wa pointi 6.00, pamoja naye, sote 14, tulipata 5.86. Hiyo ndiyo bei ya mtoto wa watu, pointi 0.14. Najua walimu wakuu wazuri wanaobanwa na wastani huo kutoka juu, wazazi wakiusoma kama bei ya nyama, na sidhani tatizo ni ubaya wa mtu mmoja. Lakini kipimo kinachoboreka unapomwondoa aliye dhaifu ni kipimo kibovu, na mhasibu yeyote atakwambia hivyo kuhusu duka kabla ya kukubali kukwambia kuhusu shule.

Tukaingia Fomu Foo 14. Mgomo wa walimu wa Septemba 2011 ulitupokonya siku ambazo hatukuwa nazo, na tulikuwa tumerudi tu madarasani ilipofika Jumatatu ya Septemba 12. Asubuhi ile tuliona moshi upande wa Viwandani. Mafuta yalikuwa yamevuja kutoka kwenye bomba na kuingia mfereji unaopita mtaa wa mabanda wa Sinai, watu wakatoka na ndoo na mitungi kuchota, moto ukawakuta hapo. Zaidi ya watu 100 walikufa. Mmoja wetu aliishi Sinai. Alikuwa darasani tayari, kwa sababu siku zote alikuja mapema kukwepa foleni ya bafu la jirani, na alisimama dirishani akitazama ule moshi bila kusema ni wa wapi, mpaka mlinzi alipokuja kumwita kwa jina.

Watu wake walikuwa hai. Nyumba ya mabati ilikuwa imekwenda, na ndani yake daftari za miaka minne za masomo manane, na mtihani ulikuwa unaanza mwezi uliofuata. Hatukusubiri siku ya pili. Aliyetoa wazo ni msichana asiyezungumza sana, wa Maringo: kila mtu achukue somo moja au mada kadhaa, anakili upya. Madam alinunua daftari kubwa kwa hela yake. Hatukuwa tunafanya hisani safi, na ni vyema kusema hivyo. Kulikuwa na manung'uniko. Mmoja alisema kwa uso mkavu kwamba yeye pia ana mtihani. Mimi nilipewa Biashara, mada za leja na urari wa hesabu, na nikagundua kwamba huwezi kumwandikia mtu mwingine kitu usichokielewa, kwa sababu kalamu inakwama. Nilielewa pande mbili za leja katika juma lile, usiku, kwenye chumba cha prepu, kwa kumwandikia mtu ambaye nyumba yake imeungua. Kazi ninayofanya leo ilianzia hapo. Yeye alipata C+, alama ya kuingia chuo kikuu, na walioipata au kuipita walikuwa watano kati yetu. Sisemi ni kwa sababu ya daftari zetu. Alikuwa mwerevu kabla ya moto.

Shule yetu haikuwa na ukumbi wa kutosheleza masharti ya mtihani, kwa hiyo tulifanyia KCSE kwenye shule jirani, tukiwa na msimbo wetu wenyewe lakini kwenye ukumbi wa wenzetu, madawati yetu yakiwa nyuma kabisa. Wenyeji walikuwa zaidi ya mia. Walituuliza kama sisi ni watahiniwa wa kibinafsi. Siku ya maombi ilikuwa imefanyika kwetu wiki iliyotangulia, wazazi wakiwa wengi kuliko watahiniwa, na mzee wa Kitui akatupa kila mmoja kalamu ya bluu aliyoijaribu kwanza kwenye kiganja. Hatukuwa na sherehe nyingine. Sekondari zetu za wakati ule hazikuwa na mambo ya majoho. Ulikabidhi vitabu, ukasainiwa karatasi na kila idara, ukaenda. Wawili kati yetu hawakusainiwa kwa sababu ya salio la karo ya chakula cha mchana, na vyeti vyao vilikaa kwenye kabati la shule miaka, ingawa wakubwa wa elimu wametangaza mara nyingi kwamba cheti hakizuiliwi.

Kuanzia 2018 serikali ilisisitiza kwamba kila aliyemaliza darasa la nane aingie sekondari, asilimia mia moja. Machifu na manaibu wao walitumwa kupita nyumba kwa nyumba kuwasaka waliobaki. Naiunga mkono kazi hiyo kwa moyo wote. Ninachojiuliza ni nani aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba mwezi wa sita wa Fomu Tu. Chifu alikuwa ameshaandika ripoti yake, mtoto ameingia, idadi imefika mia. Sasa zamu ni ya Gredi ya 10 ya mtaala mpya, iliyoanza Januari 2026 kwa mara ya kwanza, na mijadala ninayoisikia ni ya vyumba, maabara na mikondo ya masomo. Yote ni ya haki. Lakini sheria ya Madam haikuhitaji chumba. Nimewahi kumweleza mwalimu mkuu mmoja, rafiki yangu, mwenye wanafunzi zaidi ya 900, akaniambia haiwezekani kwa darasa la watu 60. Nadhani inawezekana, ukiligawa darasa makundi ya kumi kumi kwa mitaa wanakotoka na kuwapa kazi wenyewe. Kinachoshinda si idadi. Ni kwamba ukituma watoto waende waone, watarudi na habari ambazo shule italazimika kuzifanyia kitu.

Kundi letu la WhatsApp lina watu 20. Mwanzoni lilikuwa la 14 waliofanya mtihani, na kulizuka ubishi mkali kama wengine ni wa darasa letu au la. Makanga wa 58, ambaye sasa ana hisa kwenye gari na ndiye aliyeingizwa wa kwanza, alimaliza ubishi kwa kuuliza nani alikuwa akiwabeba bure. Wawili hatujawapata, pacha mmoja na mmoja wa wale walioshauriwa.

Na yule wa Makongeni, hodari wa Hesabu, amejiandikisha kufanya KCSE mwaka huu wa 2026 kama mtahiniwa wa kibinafsi. Amechagua mwaka huu makusudi, kwa sababu KCSE ya mwisho ya mfumo wa 8-4-4 ni 2027, na akianguka anataka abakiwe na nafasi moja. Binti yake yuko Fomu Thrii, katika kundi hilohilo la mwisho, kwa hiyo mama atatangulia mtihani kwa mwaka mmoja. Tulijigawia masomo kama wakati wa Sinai. Mimi nilijitolea kumfundisha Hesabu, akanijibu kwenye kundi, mbele ya watu wote, nimtumie kwanza daftari langu alione. Basi nimepewa Biashara tena. Shida yake kubwa ni vitabu vya Kiswahili, ambavyo si vile tulivyosoma sisi; sasa ni Nguu za Jadi ya Clara Momanyi na Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, na nakala zilizopo nyumbani ni za binti, anayeondoka nazo saa kumi na mbili asubuhi na kurudi nazo jioni akitaka kuzisoma yeye. Wamekuwa wakigombana. Juzi tumechanga tununue nakala za pili, na waliochanga mapema zaidi ni wawili wa wale ambao hawakufika Fomu Foo.